Majani Ndani ya Siti

Kwa miaka kumi na minane niliyokaa naye kibaraza kimoja pale Katesh, sikumwona hata siku moja akikalia kiti. Alikuwa fundi wa siti za magari, mtu aliyefuatwa kutoka Babati na Mbulu, na yeye mwenyewe alikaa juu ya kreti ya soda iliyogeuzwa. Ukimkaribisha kiti cha mbao anakitazama, anakipapasa mgongoni, anauliza, "Hiki kakiunda nani?" kisha anarudi kwenye kreti yake. Mimi nilishona nguo za akina mama upande wa kushoto wa mlango, yeye upande wa kulia, na katikati paliwekwa jiwe la kuzuia mlango usipigwe na upepo. Asiyeujua upepo wa Katesh aje mwezi wa saba.

Watu walimwita Mzee wa Siti. Jina lake nitaliacha. Nitakayoyasema huko mbele yananihusu mimi kuliko yeye, na ruhusa ya kumtaja sikuiomba.

Kazi aliijulia karakana ya mashamba ya ngano, kule Basotu, enzi zile magari ya shamba yalikuwa mengi na vifaa hakuna. Leza, ile ngozi bandia inayovikwa siti, ilikuwa haipatikani, kwa hiyo walilivua gari lililopinduka wakalivika linalotembea. Uzi ukiisha, anasokota. Sponji ikiisha, anajaza manyoya ya ng'ombe. Namna ya kulainisha leza iliyokauka hakufundishwa karakana. Aliipata kwa akina mama wa Kidatoga, wale wa sketi za ngozi, wanaopaka samli na kusugua mpaka ngozi inakubali yenyewe. Ndiyo maana siti zake zikiwa mpya zilinuka samli, na mbwa wa Katesh walizipenda mno. Dereva mmoja alirudi analia kwamba mbwa wameingia kupitia dirishani. Mzee akamwambia, "Wewe funga dirisha. Siti haina kosa."

Lakini kilichompa jina hasa haikuwa kushona, ilikuwa kutambua. Mtu akitaka kununua gari lililokwisha kutumika, kwanza alilipitisha kibarazani kwetu aulize: siti hii ni ile iliyotoka nayo kiwandani, au imeguswa? Maana mwenye gari anaweza kukuapia kwamba limetembea kidogo, kumbe siti imevuliwa na kuvikwa upya mara mbili. Mzee hakuwa anamtazama mwenye gari. Anaanza kwa kunusa. Halafu anapitisha kiganja juu ya mishono, polepole, kichwa kakiinamisha upande, kusikia kama hatua za uzi ni sawa. Halafu anaingiza ukucha wa kidole gumba chini ya ukingo na kutafuta matundu, kwa sababu siti iliyoshonwa mara moja ina mstari mmoja wa matundu, na iliyofunguliwa ina miwili. Mwisho anaufunua mshono ndani ya mkunjo, ambako jua halifiki, aone uzi ulikuwa na rangi gani siku ulipozaliwa. Akimaliza anasema neno moja. "Imefunguliwa." Au, "Haijafunguliwa." Hapo hata mleta ubishi ananyamaza.

Na alikuwa akiongea habari za watu wa kiwandani kana kwamba amekula nao. Kiwanda chenyewe hajawahi kukiona hata kwa picha. "Huyu alikuwa wa mkono wa kushoto," ananiambia, kidole kiko kwenye fundo. "Na hapa alikuwa kachoka. Angalia, karuka hatua."

"Ulimwona wapi, Mzee?"

"Namwona hapa. Alikuwa mama mtu mzima. Labda mtoto wake anaumwa."

"Jamani! Sasa mtoto anaumwa umemjulia kwenye uzi?"

"Wewe shona magauni yako."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu siku nzima, na leo nikikaa pale peke yangu natamani hata anitukane kidogo.

Alikuwa na desturi moja niliyomcheka sana. Huku kwetu, Mbulu na Hanang, mtu aliyekosa akija kwako na majani mabichi mkononi, hata kama umeshika fimbo unaiweka chini umsikilize. Ni neno zito, majani hayachezewi. Sasa Mzee, kila alipofungua siti ya kiwandani, kabla hajaifunga alichuma majani matatu, akayasuka, akayapiga fundo mwishoni, akayalaza ndani kabisa chini ya sponji.

"Nimevunja kazi ya mtu," alinieleza. "Hayupo nimwombe radhi. Nayaacha humu, siku akifungua atayakuta."

"Mzungu wa kiwandani aje mpaka Katesh kufungua siti?"

"Hujui," akanijibu, akaendelea kuvuta uzi.

Mtu huyohuyo, sasa, binadamu aliye hai hakuwahi kumwomba radhi. Mke wake aliwahi kurudi kwao mwaka mzima kwa sababu ya maneno aliyomwambia mbele ya wageni. Watu wakamsihi, mchungaji akamfuata, yeye akasema atakaporudi atamkuta hapahapa. Mama wa watu akarudi mwenyewe, akamkuta kwenye kreti. Nilimwambia, "Mzee, yule mama wa kiwandani unamwekea majani, huyu wa nyumbani je?" Alipiga fundo, akakata uzi kwa meno, nikadhani amenuna. Kumbe alikuwa anafikiri. "Wa kiwandani hatanijibu," akasema.

Halafu biashara ikaachiwa huru, kila kitu kikaingia. Yakaja magari ya mtumba kutoka Japani yenye siti za kitambaa, na madukani yakaja makava ya kuvalisha, yamekunjwa ndani ya nailoni, unanunua asubuhi na mchana umeshaketi juu yake. Mashamba ya ngano nayo yakadhoofika kipande kwa kipande, magari yake yakapigwa mnada yakiwa yamesimama kwenye majani marefu. Wateja wa Mzee wakapungua. Mkoa wetu mpya ulipotangazwa na makao makuu yakawa Babati, magari ya ofisi yakaanza kupita Katesh yakiwa bado na nailoni ya dukani kwenye siti. Aliyatazama kwa hasira. "Wanakalia nailoni," alisema. "Siti yenyewe hawaijui. Watakufa hawajaigusa."

Na macho yakaanza kuingia ukungu. Hakusema. Nilijua siku aliponinyooshea sindano na uzi bila kunitazama, mimi nikautunga nikamrudishia, naye akaendelea na kazi. Toka siku hiyo ikawa hivyo. Akihitaji rangi, ananiuliza mimi. Lakini kazi haikuharibika, kwa kuwa kazi ya Mzee ilikuwa vidoleni. "Macho yalikuwa ya mapambo tu," alinitania. Nilimwamini, na naamini mpaka leo.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Dada yangu, tumbo moja, aliolewa Nangwa na dereva wa mashamba ya ngano. Mashamba yalipopiga mnada magari yake, shemeji alinunua landrova ya zamani aliyoiendesha nusu ya maisha yake, akaiweka uani, akawa anaiosha Jumapili kama mtu anayeosha ng'ombe wa maziwa. Akafa. Ndugu zake wakaja kabla hata maua hayajakauka kaburini. Walitaka shamba, lile la mahindi na mbaazi linalomlisha dada na watoto wanne. Wazee wa ukoo wakakaa, wakaamua hivi: gari liuzwe, ndugu wachukue fedha yake, shamba libaki kwa mjane. Lisipouzika mpaka mavuno, wagawane shamba.

Landrova kuukuu ya namna ile nani anainunua? Akatokea bwana mmoja wa Arusha, mtu mzima mwenye miwani, anayekusanya magari ya zamani na kuyatunza ndani kama vyombo vya wageni. Aliipenda mpaka akatabasamu. Ila alikuwa na sharti. Injini inaweza kutengenezwa, rangi inaweza kupigwa, lakini yeye anataka siti zilezile zilizotoka kiwandani. Siti ya dereva aliitilia shaka. "Nasikia Katesh kuna mzee anayejua," akasema. "Baada ya wiki moja nitaipeleka kwake. Akisema haijafunguliwa, naichukua."

Dada alinijia analia. Mimi nilienda Nangwa nikaitazama siti ile, na kwa miaka niliyokaa kibarazani sikuhitaji dakika mbili. Ilikuwa imefunguliwa. Leza yenyewe ilikuwa ya aina ya kiwandani, imetolewa gari jingine, ila ukingoni kulikuwa na mistari miwili ya matundu na uzi haukuwa wake.

Nilimwambia Mzee nakwenda kumsaidia dada kupalilia mahindi. Siku tatu. Mungu wangu, siku tatu zile nilishona kuliko nilivyowahi kushona maishani. Niliufumua mshono wote. Nikachemsha uzi katika chai ya rangi, nikausugua kwa vumbi kwa upande wa nje, wa ndani ya mkunjo nikauacha na rangi yake safi. Nikapita katika matundu yaleyale ya kiwandani, tundu kwa tundu. Matundu ya pili nikayaziba kwa nta ya nyuki niliyoiponda na unga wa leza ileile, nikapasha kijiko nikalainisha mpaka ukucha wangu ukapita bila kukwama. Kila alichonifundisha Mzee bila kujua ananifundisha, nilikigeuza kumdanganya.

Siku ya pili, nilipoinua sponji, nikayaona. Majani matatu yaliyosukwa, yamekauka, na fundo mwishoni. Siti ilikuwa kazi yake mwenyewe, ya enzi za karakana.

Nilikaa chini. Dada akaniuliza kuna nini, nikasema mgongo. Mtu mwenye akili angeyatoa akayachoma, mambo yakaisha. Mimi nilishindwa. Naweza kumdanganya mtu, nimeona kwamba naweza, lakini kutupa majani ya radhi ya mtu mwingine mkono ulikataa. Nikayarudisha yalipokuwa, nikashona juu yake.

Bwana wa Arusha alikuja siku aliyosema. Mzee aliinuka kwenye kreti, akaiendea siti. Akainusa. Harufu ya samli ilikuwa imeisha zamani. Akapitisha kiganja, kichwa upande. Akaingiza ukucha chini ya ukingo, akaenda kutoka kona hadi kona, akarudi, akaenda tena. Mimi nilikuwa nakanyaga cherehani juu ya kitambaa ambacho hakikuwa na kitu. Akaufunua mkunjo, akaniita.

"Mama Debora, niangalizie. Uzi wa huku ndani ukoje?"

"Msafi, Mzee. Rangi yake ileile."

Akaurudisha mkunjo. Kisha akasema, kwa sauti kubwa ya mtu aliyefurahi, "Haijafunguliwa. Huyu mama alishona vizuri kweli."

Gari likaenda Arusha. Ndugu wa shemeji wakapata chao wakaondoka. Dada yuko shambani kwake mpaka leo.

Kama miezi miwili baadaye bwana yule akarudi. Alikuwa amefungua siti ili abadilishe springi iliyokatika. Hakudai chochote, na wala hakupaza sauti, afadhali angefoka. Aliishusha siti ikiwa wazi, akaiweka kibarazani mbele ya Mzee, na juu yake akaweka majani matatu makavu. "Mzee, nimeona hivi ndani," akasema. "Nikaambiwa na fundi wa kwetu aliyekulia huku kwamba ni alama yako. Nimekuletea tu uone." Watu walikuwa wameshasimama kutazama.

Mzee aliyachukua majani. Akayapapasa msuko, akalishika fundo. "Huu mkono wangu," akasema taratibu. Baadaye, watu walipoondoka, aliipapasa siti ile mpaka saa kumi jioni bila kunywa chai. Nta ilikuwa imeshabanduka kwa kufunguliwa, kwa hiyo matundu yalikuwa wazi, mistari miwili, kila mtu angeyaona. Yeye alidhani yalikuwa wazi vilevile siku ile ya kwanza.

"Vidole vimekufa, Mama Debora," akaniambia. "Nimeshika kazi yangu mwenyewe nisiijue."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Neno moja tu, ni mimi. Lakini nilimfikiria dada, nikawafikiria wale ndugu wa marehemu wakirudi, nikafikiria na uso wangu, nisifiche. Nikasema, "Pole, Mzee." Pole! Mtu umemvunja mikono halafu unampa pole.

Hakushona tena. Nilidhani atanuna wiki moja arudi. Wiki ya pili alikuja, akakusanya vyombo vyake, sindano yake iliyopinda ya kushonea siti akanipa mimi. "Wewe una macho," akasema. Sindano ile nimeifunga katika kitambaa, sijawahi kuitunga uzi. Kreti aliiacha. Watu walikuja kumtafuta, kwa sababu walishasahau habari ya siti moja. Yeye hakusahau. Akahamia Hirbadaw kwa binti yake, na ukungu ukayafunika macho yote mawili.

Miaka ikapita, mingi kuliko inavyostahili. Siku dada alipopata hati ya shamba kwa jina lake mwenyewe, nilijua sina tena kisingizio. Asubuhi iliyofuata nikapanda gari la Hirbadaw. Niliposhuka nikachuma majani mabichi kando ya barabara, nikayashika mkononi mpaka kwa binti yake, na watu niliopishana nao walinipisha njia bila kuniuliza kitu.

Alikuwa amekaa kwenye kiti. Kiti cha plastiki, cheupe, chini ya upenu wa nyumba ya binti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani? Mama Debora? Sauti yako imenenepa!"

"Nimenenepa mwili mzima, Mzee."

Akacheka. Nikapiga magoti, nikamwekea majani mkononi. Akayashika, akayasugua, akayageuza. "Hii nini, kamba?" akauliza. Ilibidi ayapeleke puani ndipo akajua. Uso wake ukabadilika. "Kuna nini, mwanangu?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, chai, nta, kijiko, siku tatu, dada, ndugu wa shemeji. Hakunikatiza. Nilipomaliza nilisubiri anifukuze.

"Nta ya mshumaa?" akauliza.

"Ya nyuki. Na unga wa leza yenyewe."

"Ukapitia matundu ya kwanza?"

"Yote, Mzee. Sikuruka hata moja."

"Na majani uliyakuta."

"Niliyakuta."

"Kwa nini hukuyatoa?"

"Niliogopa."

Akatikisa kichwa. Machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. "Kwa hiyo siku ile vidole vilikuwa vizima," akasema.

"Vilikuwa vizima, Mzee."

"Vizima kabisa."

"Kabisa. Nisamehe."

"Na mimi nimevikalisha bure miaka yote hii," akasema, si kwangu, aliviambia vidole vyenyewe, amevinyoosha juu ya magoti. Kisha akayachukua yale majani akayatia mfukoni mwa koti, akagusa mfuko kwa juu. Kwetu akiyapokea amekusamehe. Nilitamani ayakatae.

"Lete pindo la gauni lako," akasema ghafla.

Nikasogea. Akalishika kati ya kidole gumba na cha shahada, akalipitisha taratibu, kichwa kakiinamisha upande kama zamani. Gauni lile nilikuwa nimelifumua pindo wiki iliyopita tu na kulishusha, maana lilinifupia. Mstari wa matundu ya zamani ulikuwa wazi, hata mtoto angeusikia. Kidole chake kikapita juu ya matundu yale, kikaenda mpaka mwisho, kikarudi, kikapita tena.

"Mshono huu haujafunguliwa," akasema. Akaniinulia uso. "Eti, Mama Debora?"

Njia nzima kutoka Katesh nilikuwa nimeapa kwamba sitamdanganya tena.

"Haujafunguliwa, Mzee," nikamwambia.

"Umeona!" Akacheka kwa sauti, akamwita binti yake jikoni. "Njoo usikie! Nilikwambia mimi sikukosea!"

Nilirudi Katesh jioni ileile. Kabla ya kupanda gari nilichuma majani mengine matatu. Nyumbani nikalifumua pindo, nikayasuka, nikayapiga fundo, nikayashonea ndani.